Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni: walikuja kuulinda, wakaondoka nao

Kwako Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa,

Kupitia: nimeshapita kote, hakuna nilipopita kukafika.

YAH: KURUDISHIWA EKSTANO MOJA NYEUSI YA TB 1, NA MENGINE YANAYOHUSU ULINZI WA UTAMADUNI WETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, shikamoo. Mimi ni mwananchi wa kawaida tu, arobaini nimeshaivuka, nina kibanda stendi cha kuwaingizia watu muvi kwenye flashi na memori kadi. Kabla ya hapo nilikuwa na banda la video, lile la mabenchi na turubai jeusi, kiingilio shilingi mia, nikalifunga pale kila mtu alipopata simu yake. Kwetu asili ni ziwani, Nyasa, ila mji ninaofanyia kazi siutaji kwa sababu naishi humu humu na watoto wanasoma humu humu. Nimeamua kukuandikia hadharani baada ya kuandika barua tatu kwa mkono na kwenda ofisi inayohusika mara tano, na hiyo mara ya tano hata mlinzi wa getini alinisalimia kwa jina.

Nitayapanga kwa namba ili nisichanganye, japo ya kwanza itakuwa ndefu, nivumilie.

1. Ekstano yangu

Ilikuwa 2021, mwezi wa nane, saa nne asubuhi hivi. Wakaja watu wanne na gari, wakasema ni operesheni ya kukomesha picha zinazoharibu maadili ya Mtanzania na kueneza utamaduni wa kigeni. Sikubisha. Kibandani kweli kulikuwa na muvi za Kichina, za Kihindi, sizoni za Kikorea, tamthilia za Kituruki na za Kinaijeria kidogo, nyingi zimetafsiriwa na madijei wetu. Picha za uchi hazikuwepo, mimi nina binti anayekuja kukaa hapo hapo akitoka shule. Wakabeba CPU na ekstano tatu (zile diski za nje za kuhifadhia mafaili), wakaniachia karatasi isiyo na muhuri imeandikwa "vifaa vya kielektroniki", basi. Hiyo karatasi ninayo mpaka leo.

Sasa kwenye ekstano moja kati ya hizo tatu, kwenye folda niliyoipa jina BABA MKUBWA USIFUTE, kulikuwa na mganda.

Kwa asiyeujua, mganda ni ngoma ya watu wa Ziwa Nyasa, na ng'ambo Malawi pia wanaucheza. Wanaume wanavaa nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, wanajipanga mstari kama paredi, kuna ngoma kubwa na kuna vibuyu vya kupuliza. Hivo vibuyu ndo utamu wenyewe. Baba mkubwa alikuwa anatoboa kitundu kwenye kibuyu, anakiziba na utando wa buibui, ule mweupe mzito anaofunikia mayai, sio ule wa kunasia nzi, maana ukikosea ukaweka huo mwingine kibuyu kinakoroma tu, hakiimbi. Alikuwa anautafuta asubuhi na mapema nyuma ya mlango wa choo cha nje, anaubandua taratibu kwa ncha ya wembe huku amebana pumzi usije ukapeperuka, halafu anaubandika, anapuliza kidogo, anasikiliza, anatikisa kichwa, anaubandua tena anaanza upya. Mara nne tano kwa kibuyu kimoja. Yote hayo nilikuwa nimeyarekodi.

Nilirekodi mwaka 2014. Nilikodi kamera kwa jamaa anayepiga video za harusi, elfu thelathini kwa siku, nikakaa kijijini kwa baba mkubwa, karibu na Liuli, siku tatu. Nikarudi na masaa sita na ushee. Ngoma yenyewe imo, mazoezi yamo, na baba mkubwa amekaa kwenye mkeka anaeleza kila wimbo alitunga nani na ulikuwa unamsema nani, kwa sababu mganda unasema watu, na wengine waliosemwa bado wako hai akabidi apunguze sauti. 2019 baba mkubwa akafariki. Wapuliza vibuyu wawili walikuwa wameshatangulia. Vijana wa pale wanaujua mganda wa kuchezea kwenye mwenge na kupokea wageni, dakika tano, zile nyimbo za kusema watu hawazijui.

Nakala ilikuwa hiyo moja. Hapo kosa ni langu, mtu anayeuza nakala maisha yake yote akashindwa kujitengenezea nakala moja, hamna haja ya kunikumbusha, najikumbusha mwenyewe kila siku.

Nikaanza kwenda ofisini. Mara ya kwanza mhusika yupo semina. Mara ya pili nilikaa kwenye benchi la mapokezi kuanzia saa mbili mpaka saa sita kasoro, na pale ukutani kuna televisheni ilikuwa inaonyesha tamthilia ya Kituruki iliyotafsiriwa Kiswahili, dada wa mapokezi kaikazia macho kweli kweli, mpaka akaniuliza, eti kaka wewe si ndo unauza hizi, huyu mke mdogo anakufa? Nikamwambia anakufa ila atarudi. Mara ya tatu na ya nne niliambiwa niandike barua, nikasema nimeshaandika, nikaambiwa niandike nyingine. Mara ya tano ndo nikaambiwa ukweli, kwamba vifaa vilifutwa data kwa mujibu wa taratibu, na vinavyofaa vikagawiwa kwa matumizi ya ofisi. Nikauliza kabla ya kufuta kuna mtu aliangalia ndani kuna nini? Akaniambia kijana, sisi tuna kazi nyingi.

Mheshimiwa, yaani watu walitumwa kulinda utamaduni wa Mtanzania dhidi ya muvi za nje, wakafuta mganda pamoja na Jackie Chan. Jackie Chan nilimpata tena jioni ile ile.

2. Tunaogopa kitu ambacho sicho

Kila siku tunaambiwa adui ni cha nje. Lakini huo mganda wenyewe haukuota pale ziwani kama mbuyu. Wazee wanakwambia wazi kwamba ulikuja baada ya vita ya kwanza ya dunia, na askari wa keya (lile jeshi la Waingereza, King's African Rifles) waliorudi makwao, na ukoo wake ni beni, ile ngoma ya mwambao, Lamu, Mombasa, Tanga, ambayo watu waliianzisha kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu pamoja na vyeo vyao. Sasa ukifika ufukweni Nyasa huna tarumbeta ya shaba utafanyaje? Unachukua kibuyu na utando wa buibui. Na ukishafanya hivo kile kitu sio cha Mzungu tena, Mzungu mwenyewe akikisikia hajui kimetoka kwake.

Taarabu hivo hivo. Ilifika Unguja enzi za Sultani Barghash ikitokea Misri, ikaimbwa Kiarabu ikulu huko, mpaka alipokuja Siti binti Saad akaiimba kwa Kiswahili cha watu. Dansi letu nalo lina rumba ya Kyuba ndani yake, sikiliza magitaa. Hakuna aliyesimama forodhani kuzuia, na leo hivyo ndo tunaviita urithi.

Hata banda la video. Enzi za kina Lufufu mtu anasimama na maiki, muvi ya Kichina inaenda, yeye anampa yule mpiganaji jina la Kibongo, anamhamishia Mbagala, anamdaiwisha kodi ya nyumba, na banda zima linakufa kwa kicheko. Bibi mmoja alikuwa anakuja na kigoda chake kila jumapili, haelewi Kichina, haelewi Kiingereza, anaelewa Mbagala. Mimi naona ule ndo ulikuwa mganda wa kizazi chetu, na hakuna ofisi iliyourekodi, uliitwa uharamia tu ukaishia hapo. (Uharamia ulikuwepo, sikatai, nakuja huko.)

3. Kufungia hakujawahi kutusaidia

Hili nalipitia haraka maana wewe una mafaili yake. Mwalimu aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, na kwenye hotuba ile alitucheka kwamba tunajua rumba na chachacha na rokenroli lakini gombe sugu, kiduo na lelemama hatuvijui. Maneno ya haki kabisa. Ila kufika 1969 kazi ya kujifunza kiduo ikawa imegeuka kazi ya kupima urefu wa sketi za mabinti, ile Operesheni Vijana, mawigi marufuku, suruali za kubana marufuku, na mwaka huo huo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar. Sketi fupi zimekwisha? Televisheni nayo, Zanzibar walikuwa nayo ya rangi tangu 1973, bara tukakaa bila mpaka 1994, na ilipofika tukaijaza vya nje kwa sababu miaka ishirini yote hatukuwa tumetengeneza vya kwetu vya kuonyesha.

Mwaka 2018 BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, walifungia wimbo mmoja, jina mnalijua. Wiki ile niliujaza kwenye memori kadi za watu mpaka kidole kikaniuma, hata wazee waliokuwa hawajui unahusu nini waliutaka. Nilinunua bati kumi.

Haki ya kusema ni kwamba miaka ile ile ya Mwalimu kulikuwa na upande wa pili uliofanya kazi. RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, ilikuwa inaita bendi studio inazirekodi. NUTA, chama cha wafanyakazi, walikuwa na bendi, jiji la Dar kupitia shirika lake la DDC lilikuwa na Mlimani Park, vijana wa chama nao bendi yao, mwanamuziki anapokea mshahara kama karani. Bagamoyo kukafunguliwa chuo cha sanaa 1981. Zile nyimbo za RTD mpaka leo zinapigwa kwenye harusi, na hazikubaki kwa sababu kuna mtu alifungia soul, zilibaki kwa sababu kuna mtu alibonyeza kitufe cha kurekodi.

4. Cha nje kinaongea Kiswahili, cha kwetu hakina hela ya kuongea

Jumamosi moja mwezi uliopita niliandika kwenye daftari kila mteja alichotaka. Walikuja 46. Sizoni za Kikorea na Kituruki 29, muvi za ngumi na bunduki 11, kwaya 2, bongo muvi 4. Na kati ya hao wanne wawili walitaka za Kanumba, mtu aliyefariki 2012.

Sio kwamba watu hawapendi vyao. Wachina walipotaka tuangalie tamthilia yao ya Doudou na mama wakwe zake hawakutuletea Kichina, waliitia sauti za Kiswahili ikarushwa TBC mwaka 2011, mpaka Rais Xi Jinping alipokuja Dar 2013 akaitaja kwenye hotuba. Azam nao wanatafsiri za Kituruki, Kiswahili safi, na wanaotia sauti ni vijana wetu wanapata riziki, hongera zao. Na ukiuliza tamthilia za Kibongo zinazofuatiliwa kila siku zinalipiwa na nani, utakuta nyingi ni za Maisha Magic, yaani MultiChoice ya Afrika Kusini, ambayo nayo mwaka 2025 imechukuliwa na Canal+ ya Wafaransa. Kwa hiyo hata stori ya mama mkwe wa Sinza, anayeamua iendelee au iishe yupo Paris. Sijasema ni dhambi, nauliza tu wizara ipo wapi kwenye hiyo picha, maana mimi niliiona kibandani kwangu ikibeba CPU.

5. Kumbukumbu zetu wametutunzia wengine

Sauti ya Siti binti Saad ipo leo kwa sababu mwaka 1928 kampuni ya kigeni ilimrekodi Bombay. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka Tanganyika mwaka 1950 na mashine zake akarekodi ngoma za makabila, na hizo rekodi ziko kwenye maktaba ya muziki Afrika Kusini. Mikanda ya RTD iko kwetu, sawa, lakini mimi wa huku mkoani nikitaka kumsikilizisha mwanangu ngoma ya babu zake njia ya kuifikia siijui, ninayoijua ni ya kupakua sizoni.

Sasa najua mtanijibu nini, nimejibiwa sana.

Mtasema bajeti ndogo. Wafaransa wanakata zaidi kidogo ya asilimia 10 kwenye kila tiketi ya sinema, hata kama muvi ni ya Marekani, hela inarudi kutengeneza muvi zao, yaani mgeni anamsomesha mtoto wa mwenyeji. Sisi tunalipia ving'amuzi kila mwezi nchi nzima, sijasikia hata shilingi tano ya hapo iliyoenda kumrekodi mzee mmoja wa mganda.

Mtasema utandawazi, intaneti haizuiliki. Nakubali, ndo ninachosema. Wakorea walikuwa na sheria ya kulazimisha majumba ya sinema yaonyeshe muvi za kwao siku 146 kwa mwaka, 2006 wakaipunguza mpaka 73, na hawakufa, leo wao ndo wamejaa kwenye flashi za wateja wangu. Hawakuwa wanalinda mlango tu, jikoni kulikuwa kunapikwa. Majirani zetu Kenya nao wana kanuni kwamba asilimia 40 ya vipindi iwe ya ndani, wanalalamikiana jinsi inavyotekelezwa lakini angalau wanabishana kuhusu kutengeneza.

Mtasema wewe mwenyewe mwizi wa kazi za watu. Ndiyo. Nitozeni faini ya hakimiliki nitalipa kwa awamu, na wekeni utaratibu wa mimi kununua leseni kwa bei ya mtu wa stendi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Ila siku ile hakuna aliyeniuliza habari ya hakimiliki. Bongo muvi nilizokuwa nimezinakili bila ruhusa hawakuzilalamikia, walisema hizo hazina shida, ni za kwetu.

Na mtasema ni ngoma ya kijiji kimoja tu. Hapo sina jibu la adabu.

Ninachoomba Mheshimiwa ni kama ifuatavyo:

(a) Operesheni yoyote ya maadili, kabla ya kufuta kitu afisa utamaduni akae afungue mafolda aangalie, na aandike orodha yenye muhuri. Kama hana muda wa kuangalia basi asifute.

(b) Kila halmashauri ina afisa utamaduni. Mpeni kamera, hata simu nzuri tu, na mafuta ya pikipiki, na kazi iandikwe kwenye majukumu yake kwamba kwa mwaka arekodi wazee kadhaa, nakala moja ibaki wilayani, nyingine iende Dar, nyingine apewe mzee mwenyewe au watoto wake. Nakala tatu. Mimi nimejifunza kwa maumivu.

(c) Mikanda ya RTD na hizo rekodi zilizoko nje zipatikane kwa mwananchi kwa njia rahisi. Nileteeni hata mimi, nitaziingiza kwenye flashi za watu bure, nina wateja 46 kwa jumamosi.

(d) Ekstano yangu.

Hii (d) naomba isisubiri kikao. Fundi mmoja wa Kariakoo ameniambia faili likifutwa halijatoka kabisa, linakaa pale pale mpaka kiandikwe kitu kingine juu yake, na kwamba kuna uwezekano wa kurudisha hata nusu. Nusu inanitosha, ni masaa matatu ya baba mkubwa. Lakini kama ilishagawiwa kwa matumizi ya ofisi basi kila siku mtu anaweka kitu juu, ripoti ya robo mwaka, picha za semina, pengine na hiyo tamthilia ya mapokezi. Siidai nzima wala siulizi ilikuwa kwa nani, nawaombeni tu muichomoe leo, msiifungue, msiisafishe kwa wema wenu, muiache kwa mlinzi wa getini, ananijua.

Ni nyeusi, TB 1, ina mkwaruzo karibu na tundu la waya, na ubavuni ina alama ya rangi ya kucha nyekundu, mke wangu aliipaka ili tusiichanganye na zile za muvi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenye kibanda cha muvi, stendi

Nakala:
- Bodi ya Filamu
- BASATA
- Ofisi inayohusika (ya nne hii, zile tatu mnazo)
- Dada wa mapokezi: yule mke mdogo amesharudi, sizoni ya pili ninayo